Ua hili la manjano kwenye ua wetu: misimu sita ya makech shambani, na ndugu yangu anataka ing'olewe

Omwana_wa_Emuhaya

Wanajukwaa hamjambo. Mimi huwa msomaji tu hapa, lakini kila wiki naona mtu anauliza "mbolea imepanda, nifanyeje", na kila mara anaambiwa atafute samadi ya kuku. Sisi wengine kuku wetu ni watano, na wanalala jikoni.

Kama umewahi kupanda matatu kutoka Kisumu kuelekea Busia, ukishapita Maseno hadi Luanda umeliona ua hili hata kama hukuliuliza jina. Manjano, mfano wa alizeti iliyokatazwa kukua. Kichaka kinakuzidi kimo, majani mapana yana vidole vitatu hadi vitano, na yana uchungu ambao ukishika tawi kisha ukala ugali bila kunawa, utajuta. Waluo wanasema makech, sisi tunasema malulu; kote maana ni uchungu. Kwa Kiswahili ni alizeti mwitu, na wasomi huandika *Tithonia diversifolia*. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Kenya ililetwa kuwa pambo, ikaishia mipakani mwa mashamba. Marehemu baba aliipanda kuzunguka boma letu ili ng'ombe wa jirani wasiingie kwenye mahindi, basi. Mambo ya mbolea hakuyawaza.

Mimi nimeyawaza kwa sababu ya shida. Mwaka 2022 mfuko wa DAP, ile mbolea ya dukani ya kupandia, ulipovuka shilingi 6,000 nilirudi nyumbani kutoka dukani mikono mitupu, nikasimama mlangoni, nikaangalia ule ua wetu wa mita 80 hivi. Nikakumbuka kwamba tulipokuwa wadogo kulikuwa na watu wa utafiti pale Maseno waliokuwa wakiwafundisha wazazi kukata majani haya na kuyafukia. Nikachukua panga.

Msimu wa kwanza nilifanya kosa la mtu mwenye haraka. Asubuhi nilikata, mchana nikafukia, jioni nikapanda maharagwe papo hapo. Siku ya kumi nilifukua kuona kinachochelewesha ni nini, nikakuta mbegu zimeoza, zinanuka kama busaa iliyolala. Siku hizi nafukia, nangoja wiki nzima, ndipo nahamisha miche.

Kipimo changu ni hiki: tuta la mita 10 kwa mita 1.2 nalipa kilo 30 za majani mabichi pamoja na vijitawi laini. Ni magunia mawili yaliyojaa bila kushindiliwa. Shina lililokomaa silitii humo, linachelewa kuoza. Hilo ni kuni. Nakatakata kwa panga, natandaza, nafukia kwa jembe siku hiyo hiyo. Ukiyaacha juu yakauke, sehemu ya nguvu yake inapotelea hewani.

Sukuma wiki imenilipa. Mama anayeninunulia pale soko la Luanda aliacha kuniambia mboga zangu ni za sungura. Lakini mahindi yamenishangaza: yalianza vizuri, kijani kabisa, yalipofika magotini majani ya chini yakapata rangi ya zambarau kwenye kingo. Misimu miwili mfululizo. Hapo ndipo nahitaji msaada wenu.

Na jambo la pili. Kaka yangu mkubwa aliye Nairobi anataka ua wote ung'olewe, ajenge ukuta wa mawe. Anasema ni kichaka cha nyoka na wezi, na kwamba boma letu "linaonekana la kizamani". Nimwambie nini?

Kijana_wa_Kondele

Mkubwa, swali la kijeuri kidogo, usinikasirikie. Kama hii ni mbolea ya bure na imejaa barabarani tangu Maseno hadi Mumias, mbona watu wa huko bado wananunua DAP? Na wale watafiti walienda wapi?

Nyar_Seme

Kondele, wewe hujawahi kubeba gunia la majani mabichi kichwani. Ningekuona ukilibeba kutoka mtoni ungejijibu mwenyewe.

Omwana, mimi niko Seme. Makech tunaiweka kwenye shimo la mboji pamoja na kinyesi cha mbuzi, na shimo linaiva haraka kuliko la mabua matupu. Sifukii moja kwa moja, mgongo wangu hauna tena hamu hiyo. Mbuzi wangu wanaila mbichi bila kinyongo. Ng'ombe wananusa, wananitazama kama nimewatukana, wanaondoka.

Mwalimu_Mstaafu

Kwanza zambarau ya mahindi. Hiyo ni njaa ya fosforasi, Omwana. Udongo wetu mwekundu wa Vihiga, Siaya na sehemu kubwa ya Kakamega una tindikali, na una tabia ya kuishikilia fosforasi hata ile uliyoinunua, mmea usiipate.

Sasa hesabu. Nilifundisha kilimo miaka mingi na namba hizi za Maseno ziko kichwani. Taasisi za utafiti wa kilimo na misitu, ICRAF, KARI na KEFRI, zilipima majani haya miaka ya tisini. Kila kilo 100 za majani makavu zina karibu kilo 3.5 za naitrojeni, kilo 4 za potasiamu, na fosforasi kama kilo 0.37 tu. Lakini wewe hubebi makavu. Majani mabichi ni maji, karibu asilimia 80. Kwa hiyo tani nzima mbichi, ile itakayokuvunja kiuno wiki nzima, ina kilo 7 za naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa CAN, mbolea ya kukuzia, una 13. Umepata nusu mfuko na zaidi kidogo, si haba. Fosforasi je? Haifiki kilo moja, na mfuko mmoja wa DAP una kilo 10. Hujagusa hata sehemu ya kumi.

Ndiyo maana mahindi yako yalikuwa kijani kisha yakawa zambarau. Uliyapa naitrojeni tele, ukayanyima lile jingine. Weka DAP kidogo au TSP, mbolea nyingine ya fosforasi, kwenye shimo la mbegu, kifuniko cha soda kimoja kila shimo, halafu makech ifanye kazi ya CAN. Wengine walichanganya na unga wa mawe ya fosfeti ya Minjingu, yanayochimbwa Tanzania karibu na Ziwa Manyara. Katika udongo wenye tindikali kama wetu unga ule huyeyuka polepole na kufaa. Lakini hilo ulitafute kwa wauza pembejeo. Si kila mji wanaliweka.

Kijana wa Kondele, watafiti hawakukosea. Walisema wazi kwamba kwenye mahindi kazi ya kukata na kubeba inakula faida, na kwenye mboga inalipa. Watu walisikia nusu ya kwanza ya sentensi.

Omwana_wa_Emuhaya

Mwalimu, ahsante sana. Nimekaa na kalamu baada ya kusoma ujumbe wako. Ua wangu wa mita 80 naukata mara tatu kwa mwaka, kila mara napata magunia kumi, tuseme kilo 150. Kwa mwaka mzima ni kilo 450. Kwa kipimo changu cha kilo mbili na nusu kwa kila mita ya mraba, hiyo inatosha matuta kumi na tano, mara moja tu kwa mwaka. Ekari moja ya mahindi ingetaka tani 10. Yaani ningehitaji nyua za majirani zaidi ya ishirini, na wao wakubali kukatiwa!

Kumbe nilikuwa nawapa mahindi chakula cha mboga.

Njoro_Baridi

Wakuu, niko Njoro, Nakuru. Mwaka jana nilipita Kakamega nikachuma vichwa vilivyokauka, nikaja nazo mbegu ndani ya bahasha kama mali ya siri. Nikazipanda kwenye viriba, kila kiriba mbegu tatu, kina cha kidole. Mwezi mzima: sifuri. Viriba mia, sifuri. Mke wangu sasa akiona nasoma uzi wa kilimo anacheka tu. Shida ni mbegu, baridi, au ni mimi?

Mwalimu_Mstaafu

Yote matatu, ndugu, lakini wewe zaidi. Mbegu za makech hazipendi kuzikwa. Zinamwagwa juu ya udongo laini, zinafunikwa kwa vumbi jembamba na nyasi kavu, na hata hivyo nyingi hukataa. Mbegu mpya kabisa huwa bado zimelala.

Watu wa huku hatuhangaiki na mbegu. Tunapanda pingili. Kata shina lililokomaa kiasi, unene wa kidole gumba, urefu wa sentimita 20 hadi 40. Lisimamishe au lilaze mshazari kidogo, nusu iingie ardhini, macho, yaani vichipukizi, yaelekee juu. Panda mvua zikiwa zimeshika, siku ile ile uliyokata. Ukizilaza chini kama miwa zitachipua chache.

Kuhusu baridi, hapa Kenya kichaka hiki kimeonekana kuanzia mita 550 hadi kama 1,950 juu ya bahari. Njoro imevuka hapo. Kitaota, lakini usitegemee kikue kama cha Luanda. Ungekuwa chini huko upande wa Rongai ningekupa moyo zaidi.

Nyar_Seme

Na macho yaelekee juu kweli! Shemeji yangu alipanda mstari mzima kichwa chini miguu juu, akasema pingili tulizompa zilirogwa.

Fundi_wa_Mizinga

Naomba niwatetee wasio na akaunti humu. Nina mizinga Lurambi. Mvua zikipungua na mahindi yakishavunwa, maua ya shambani yanakuwa machache, na hili la manjano ndilo linalobeba nyuki wangu. Omwana akisema anakata mara tatu kwa mwaka, najua anakata kabla halijachanua, kwa sababu ndipo majani yako laini. Ni kweli kwa mbolea. Lakini mkikata wote, kote, nyuki watakula nini? Acha angalau robo ya ua ichanue.

Omwana_wa_Emuhaya

Fundi, umenipata. Nakata lote. Sikuwahi kuwaza nyuki, nilikuwa nawaza sukuma.

Mkulima_Nyando

Tahadhari moja ambayo watu hawaisemi. Ukiacha robo ichanue, vunja vichwa kabla mbegu hazijadondoka. Kitu hiki hakijui mpaka. Kimeshika kingo za mifereji na mashamba yaliyoachwa, na kikishajaa hakiachi nyasi chini yake. Afrika Kusini wamekiorodhesha kati ya magugu vamizi, si utani. Kama huna ua wa makech na unaweza kupata majani barabarani, chukua ya barabarani. Usikipande mahali kisipokuwepo kwa sababu tu ya uzi wa intaneti.

Njoro_Baridi

Sasa mnanichanganya. Mwalimu ananifundisha kupanda, Nyando ananikataza.

Mkulima_Nyando

Sikukatazi ndugu yangu. Panda mahali utakapofika na panga kila baada ya miezi mitatu. Kama wewe ni wa kupanda na kwenda mjini, acha.

Kijana_wa_Kondele

Haya, mmenishinda kwenye mbolea. Na ile ya dawa? Hapa Kondele kuna mama anauza majani yake makavu kwa mafungu, anasema chemsha unywe, malaria kwisha. Nyanya yangu pia alikuwa anatupa ya tumbo. Ni kweli au ni biashara?

Nyar_Seme

Ya tumbo hata mimi nimekunywa, nikiwa msichana. Kikombe kidogo. Sijui kama tumbo lilipona kwa dawa au lilipona kwa hofu ya kikombe cha pili.

Nesi_wa_Zamu

Niko kwenye zahanati upande wa Bondo, na naomba hapa msicheze. Ni kweli majani yana kemikali zenye nguvu. Moja inaitwa tagitinini C, na kwenye maabara imeua vimelea vya malaria ndani ya chupa. Lakini chupa si mwili wa mtoto. Panya waliopewa dondoo za majani haya waliumia figo na ini, na huwezi kujua kikombe cha huyo mama kina kiasi gani.

Kanda yetu hii ya ziwa ni ya malaria kali. Mtoto akipata homa, apimwe kidole, na ikithibitishwa anapewa AL, dawa ya malaria. Wanaonifikia wamechelewa siku tatu kwa sababu ya majani ya kuchemsha ni wengi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Wajawazito ndio kabisa, wasiguse. Yafukieni kwenye sukuma, mtakuwa mmeyatendea haki.

Kijana_wa_Kondele

Nimesikia dada. Nitamwambia mama yangu asinunue tena.

Mama_wa_Matuta_Matatu

Mimi sina ua wa mita 80, nina kiploti nyuma ya nyumba ya kupanga hapa Kisumu, matuta matatu. Naokota majani kandokando ya njia, najaza gunia la nusu, nafunga mdomo, natumbukiza kwenye pipa la lita 200 na jiwe juu lisielee. Nakoroga kila baada ya siku mbili tatu. Wiki mbili maji yanakuwa meusi. Nachota kopo moja, naongeza makopo mawili ya maji safi, namwagilia kwenye mizizi, si kwenye majani. Nyanya na sukuma zinaitika ndani ya siku chache.

Ila harufu! Jirani wa mlango wa pili alimwita mwenye nyumba akidhani choo kimepasuka. Sasa nafunika na karatasi ya nailoni na kufunga kamba, na siku ya kumwagilia nasubiri giza liingie.

Omwana_wa_Emuhaya

Mama, hii naiiba. Magunia yangu kumi yatafika mbali zaidi, na sihitaji kuchimba tuta lenye mboga tayari.

Mwalimu_Mstaafu

Ni njia nzuri kwa kipande kidogo. Niongeze neno moja kwa Omwana, maana hajaliuliza na litamfuata. Makech si maharagwe. Haina vifundo kwenye mizizi vya kuvuta naitrojeni hewani. Kila kilo unayokata imetoka kwenye udongo wa pale ilipo. Unachofanya ni kuhamisha rutuba kutoka mpakani kwenda kwenye tuta. Ukikata mara tatu kwa mwaka, miaka kumi, bila kurudisha chochote, ua wako wenyewe utadhoofika, na utaona majani yanakuwa madogo. Rudishia majivu, mabua, taka za jikoni kwenye mstari ule.

Na kama una kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi, kwenye mahindi, usitarajie makech pekee iiondoe. Kwa hilo tafuta desmodiamu, mmea wa kupanda katikati ya mahindi.

Omwana_wa_Emuhaya

Kayongo ninayo, mwalimu, upande wa chini. Kwa kweli majani ya ua kule nyuma ya choo yameanza kuwa madogo, nilidhani ni kiangazi. Basi nimeelewa.

Sasa nisaidieni na kaka. Anakuja wikendi hii, na fundi wa mawe ameshapima.

Nyar_Seme

Kaka mkubwa hapingwi hadharani. Mpikie, ashibe, kisha mpeleke kwenye matuta umwonyeshe sukuma. Usimwambie habari za naitrojeni. Mwambie ni ua wa baba.

Mkulima_Nyando

Na kuhusu nyoka ana hoja. Kichaka kisichokatwa miaka miwili ni nyumba ya kila kitu. Ukiuweka ua usawa wa kifua, ukakata mara kwa mara, hakuna pa kujificha.

Fundi_wa_Mizinga

Mwambie pia ukuta hautoi asali.

Omwana_wa_Emuhaya (wiki moja baadaye)

Narudi na habari. Kaka alikuja, akala, nikampeleka kwenye matuta kama nilivyoelekezwa. Hakusema kitu. Akaenda akasimama kwenye ule upande baba alikopanda kwanza, karibu na mwembe, akakaa hapo kitambo. Akarudi akasema ukuta utajengwa upande wa barabara tu, mita 25, kwa sababu za usalama, na hapo hakuna mjadala. Pande tatu nyingine zibaki, lakini zikatwe zifike kifuani, na yeye ndiye atakayelipa kibarua wa kukata mara moja kwa mwaka.

Kwa hiyo Alhamisi na Ijumaa tunang'oa zile mita 25. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda, nitakata pingili, kama mia mbili hivi, maana lazima zipandwe siku ile ile. Mia moja nazihamishia chini kuelekea kijito, kwenye mteremko unaomomonyoka, mstari mmoja wa kukinga maji. Upande wa mwembe nauacha uchanue, Fundi, hiyo ni ahadi, na vichwa nitavivunja kabla havijapukutisha mbegu. Mahindi ya msimu ujao yanapata kifuniko cha soda cha DAP na si jani hata moja. Majani yote ni ya mboga.

Zinabaki pingili mia. Anayetaka aseme mapema.

Njoro_Baridi

Mimi! Shemeji yangu ana shamba Rongai, chini huko kwenye joto, na yupo shambani kila siku, Nyando asiwe na wasiwasi. Natoka Nakuru usiku wa Ijumaa, nitakuwa Luanda saa mbili asubuhi. Saa tisa hivi pingili zitakuwa ardhini. Nije na nini?

Omwana_wa_Emuhaya

Njoo na gunia lenye unyevu ndani, pingili zisikauke njiani, na panga lako, langu limekwisha makali. Chai utaikuta. Ila ukimaliza kukata usishike kikombe kabla hujanawa mikono kwa sabuni, mara mbili.